Kidonge cha siku ya thelathini

Juzi kwenye duka la dawa, hapa Tabora mjini, mzee mwenye kanzu na mguu uliovimba aliuliza vidonge vya kuzuia damu isigande ni kiasi gani kwa mwezi. Alisema daktari amemkataza kuruka hata siku moja.

"Kimoja kwa siku, mia tatu," alisema muuzaji. "Kwa mwezi elfu tisa, babu."

Mzee akahesabu kwa pingili za vidole. "Elfu nane na mia saba. Mwezi wangu una siku ishirini na tisa."

"Thelathini, babu."

"Mwezi ukiandama siku ya ishirini na tisa, hicho kimoja nitakimeza lini?"

Mkewe akainuka kutoka kwenye benchi. "Na mawingu yakitanda usionekane? Damu yako itasubiri tangazo la redioni? Nunua thelathini! Kikibaki, utaanzia nacho mwezi mpya."

Mzee akafungua leso, akalipa elfu tisa, uso umeng'aa. "Hapo sawa. Kikibaki, mwezi ujao utaniuzia ishirini na nane."

Mimi hesabu niliziachia kidato cha pili, kwa hiyo nilichukua dawa yangu nikaaga. Nilipotoka, muuzaji alikuwa bado anabonyeza kikokotoo.