Fundi Aliyekataa Kuifumba Mashine Macho

Habari zilinifikia Jumanne nikiwa nanyoa ndevu: yule mama fundi wa kompyuta wa mji wa Baraka ametutoka. Msomaji wangu wa siku nyingi atanishangaa nikisema nilitabasamu kabla ya kuhuzunika, lakini huyo hakuwa mtu wa kukumbukwa kwa uso uliokunjamana. Alivaa viatu vyekundu, alicheka kwa sauti, na alijisifu bila haya.

Enzi hizo za Zaire, chama kikiwa kimoja na amri zikishuka tu bila kupanda, nilikuwa karani wa ofisi ya afya pale Baraka. Tulikuwa na kompyuta mbili: ndogo ya kuandikia barua, na kubwa iliyotunza hesabu za dawa za zahanati zote hadi Kazimia. Siku moja bareti ya memwari, yaani kile kipande cha kumbukumbu, ikafa katika ile kubwa. Mkurugenzi akaagiza ing'olewe ya mashine ndogo, iwekwe humo. Mama akaeleza kwamba hazifanani: bareti ya mashine kubwa ina kijipande cha ziada kinachokagua vingine, na tarakimu ikigeuka kimakosa, mashine husimama. Ya mashine ndogo haina.

“Basi zima huo ukaguzi,” mkurugenzi akasema. “Zahanati zinangoja dawa.”

“Patron, mashini ya barua ikikosea, tutacheka. Hii ikikosea, bagonjwa beko mia, Kazimia itapata dawa ya batu kumi. Mi siifungi macho.”

“Basi nenda uitafute yako. Ukirudi mikono mitupu, usiingie tena hapa.”

Akapanda boti kwenda Bujumbura, huko Burundi, kuitafuta. Sisi makarani tukabaki kuandika kwa mkono mpaka vidole vikavimba, tukimlaani kimyakimya. Aliporudi, askari wa bandarini alimfungua mkoba, nami nilikuwa nimekwenda kumpokea.

“Hii njo nini?” askari akauliza, ‘njo’ yetu ikiwa ‘ndiyo’ ya wengine.

“Memwari. Njo inakumbuka mambo ya mashini.”

Askari akaigeuzageuza, akamrudishia haraka. “Sawa, mama. Isikumbuke tu jina yangu.”

Tulicheka njia nzima, ingawa kwa sauti ya chini. Mashine ikawaka siku hiyohiyo. Mkurugenzi akamwambia, “Umekawia. Huko Kazimia wameteseka.” Naye, mara hiyo bila majigambo, akakubali: “Ni kweli, patron. Tuwekeni ingine ya akiba.” Ikawekwa.

Siku hizi vijana huniuliza kwa nini memwari ya seva, yaani mashine kubwa ya kutunza hesabu za wengi, ni ghali kuliko ya kompyuta ya mezani, ilhali zote hukumbuka. Nami huwajibu kwamba ya mezani inatosha kabisa kwa kazi zake. Lakini palipo na maisha ya watu, kinachokagua hakizimwi ili kazi iende. Hulipiwa, tena mapema, kabla mgonjwa hajaanza kungoja.