Nilivyomtania Fundi Kibwana

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya, mzee mzima na mvi zangu. Kesho unaanza kazi ya udaktari. Tangu asubuhi uko mbele ya kioo na koti lako jeupe, na mama yako anakusifia. Acha nikuharibie furaha kidogo.

Nilikuwa daktari kijana hapa hapa Tabora, sijatimiza hata mwaka kazini. Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwepo fundi Kibwana, Mzaramo aliyeshonea kwenye baraza moja ya Kanyenye. Nilimkuta na kifua kikuu. Kila asubuhi alikuja kumeza vidonge mbele ya nesi, akipitia mlango wa nyuma wa hospitali. Aliniomba jambo moja tu, wateja wake wasijue. Nikamwambia, "Ondoa shaka, fundi."

Sasa unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Wakifiwa, tunakwenda kuwachokoza mpaka wacheke, na hakuna anayenuna. Nami nilikuwa msemaji, tena nilipenda sana kusikia watu wakinichekea. Basi akafariki shemeji yake Kibwana huko Chemchem, nikaenda. Nikajilaza mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, watu wakacheka. Kibwana alikuwa analia, na katikati ya kilio akakohoa.

"Msidanganyike na Mzaramo huyu," nikasema kwa sauti. "Hicho si kilio, ni kifua kikuu. Kila asubuhi tunamlisha vidonge kama kifaranga."

Walicheka, kisha kicheko kikakatika. Waliokaa naye mkekani wakasogea mmoja mmoja, wakijifanya wanatazama jeneza. Kibwana alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akabaki peke yake kwenye mkeka mzima.

Alikuwa fundi wa kukata uzi kwa meno, na sasa watu waliyaogopa mate yake. Wiki ile wanawake walikuja kuchukua vitambaa vyao, vingine havijaguswa na mkasi, ilhali kwa dawa alizokwisha kumeza hakuwa tena wa kumwambukiza mtu. Kisha nesi akaniambia fundi haji kwenye dawa. Nikamfuata nyumbani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, daktari. Karibu kigoda."

Nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu iliyonikata maini.

"Pale msibani ulikuwa mtani wangu, na mtani hakosi," akasema. "Ila kule chumbani kwako, nilipovua shati, sikumvulia mtani. Nilimvulia daktari."

Nikamsihi arudi kwenye dawa. Akasema atafikiri. Siku chache baadaye baraza ilikuwa tupu. Majirani wakasema amepakia cherehani, ameelekea Nzega. Niliulizia zahanati za huko, hakuna iliyokuwa na jina lake. Hadi leo sijui kama alimaliza dawa zile, wala kama yu hai.

Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya mguu wa mgonjwa, iliyorushwa kwenye kundi lenu la wanafunzi wa udaktari. Mlikuwa mnacheka, na jina lake linasomeka kwenye faili pembeni. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Usiku huo... hapana, nisijipambe, niliona aibu baada ya chai ya asubuhi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Unachokiona na kukisikia chumbani mwa mgonjwa ni cha mgonjwa. Usikipeleke msibani, wala kwenye simu, wala kwa mkeo utakapooa, hata kama ni kichekesho na hata kama wote waliopo ni watani. Ifute picha ile leo, na uwaambie wenzako wafute. Wakikucheka, wacha wakucheke.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mzito. Na wagonjwa wako wakikutana nawe sokoni wakusalimie wakikutazama usoni. Mimi fundi Kibwana hakuniachia nafasi hiyo, na sikustahili.