Trela la Muhoroni na Uthibitisho Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha utafiti alinikabidhi chaki, ubao na chumba chenye dirisha linalotazama upande wa ufuo wa Dunga, ziwani. "Daktari, kompyuta ziko kwa makarani," akasema. "Wewe ubao ndio kazi yako." Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Vijana huniuliza mtafiti wa baada ya uzamivu ni nani. Ni mtu aliyekwisha kupata udaktari wake lakini hana kiti cha kudumu. Anapewa mkataba mfupi aonyeshe kwamba anaweza kufikiri bila kushikwa mkono. Wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Usingeongezwa, ningerudi kufundisha hesabu sekondari, kazi nzuri, ila moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwenye algoriti, yaani hatua zinazofuatwa kutatua tatizo. Sisi wa nadharia hatuandiki programu. Tunathibitisha kwa hoja kwamba utaratibu fulani hautashindwa hata siku iwe mbaya vipi.

Nilichagua foleni ya malori ya miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Muhoroni. Miwa ikikatwa huanza kuharibika, na kiwanda hakijui lori gani litafuata. Nilithibitisha kwamba ukisaga kwanza mzigo unaokaribia kuharibika, utaokoa angalau nusu ya mizigo ambayo angeiokoa mtu anayejua yajayo. Kurasa kumi na moja. Nilijivuna nazo, sifichi.

Mkuu ndiye angeamua kuhusu mkataba baada ya kunisikiliza. Siku moja kabla, nilikwenda kiwandani kuiona hiyo foleni. Karani wa mizani, mama asiye na subira, aliutazama mchoro wangu wa foleni.

"Hizi vitone ni nini?"

"Malori, Mama."

"Zote sawasawa? Daktari, ona hiyo trela. Ikiingia inakula mashine asubuhi yote, na huwezi kuitoa. Hizi ndogo nyuma zitangoja mpaka miwa iharibike."

Nikapiga hesabu papo hapo. Mzigo wa trela moja ukishaanza kusagwa, hata malori madogo mia yanaweza kuharibikiwa nje. Mashine ikikaa tupu kuyangoja, huenda yasije, na mzigo wa trela ukaharibika bure. Ile nusu niliyoithibitisha ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimechora kila lori kama kitone kimoja, kisha nikaviamini vitone.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya Mkuu nikasema uthibitisho umevunjika, na nikamwonyesha ulipovunjikia. Nilikuwa naogopa sana.

"Nani mwingine ameona hii?" akauliza.

"Karani wa mizani peke yake."

"Ungenyamaza, nyara, mimi singeona," akasema, akiniita binti yake kwa Kijaluo. "Sasa hiyo trela, inavunja utaratibu yako tu, ama inavunja ya kila mtu?"

Nilichukua chaki. Kufikia saa sita mchana nilikuwa na jibu: linavunja utaratibu wa kila mtu. Hakuna utaratibu unaoweza kuahidi nusu, wala robo, wala sehemu yoyote. Hayo ndiyo yakawa matokeo yangu, kurasa tatu tu, na karani nikamtaja kwenye shukrani. Mkataba uliongezwa.

Baadaye nikawa mkuu mwenyewe, na mpaka nilipostaafu nilikaa upande wa pili wa meza, nikiwahoji waombaji wa mikataba kama ule wangu. Kila mmoja alikuja na alichothibitisha. Mimi niliwauliza ni kipi kilichowavunjikia mikononi. Wengi walijibu kwamba hakuna, nami nikawashukuru kwa kuja, nikaita mwingine.