Kikombe cha Pili cha Uji

Sogea karibu, mwanangu, ujifunike na hilo shuka, maana kipupwe cha mwaka huu kimenikuta nimechoka na sauti yangu haifiki mbali. Wengi wenu mnaniuliza uji upi unamfaa mzee asubuhi ya baridi. Nitakujibu, ila jibu langu lina mzunguko kidogo, nivumilie. Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Temeke, nilipokuwa mke kijana, nimesimama uani na sufuria mkononi, nikitaka kulia kwa sababu ya uji.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Bi Zena, mjane wa Kizaramo. Mume wangu alifanya kazi kiwandani na kila siku aliondoka kabla hakujakucha. Mimi nilitoka Rungwe, kwenye baridi ya kweli. Watu wa Dar walipovaa masweta mwezi wa saba, mie nilicheka. Kisha mama mkwe alifariki kule Masasi, na mume wangu akamleta baba yake akae nasi.

Mzee Chilumba alikuwa mtu mrefu. Ujana wake aliumalizia Kurasini, akibeba magunia bandarini, kisha akarudi kwao kulima. Alipofika kwetu ilikuwa kama magunia yale yote yamemrudia mabegani. Alikaa chumbani amejifunika blanketi, na chakula hakikupita. Mchana alionja, usiku alionja, na asubuhi, ambapo mzee anahitaji kitu cha moto tumboni, hakugusa kabisa. Tulimpeleka zahanati, wakampima, wakasema hana ugonjwa. Jioni mume wangu akaniambia kwamba mwezi ukiisha atamrudisha Masasi. Kama ni kufa, akafie kwao.

Nilijua maana yake. Safari ya kusini wakati ule ilikuwa juu ya lori, kivuko cha Rufiji, vumbi na kulala njiani. Asingefika. Na hata kama angefika, nyumba yake ilikuwa imebaki porini watu walipohamishiwa kijiji kipya. Nani angempokea?

Basi nikaona kazi ya kumwokoa ni yangu, na njia ya kumwokoa ni sufuria. Nilianza na uji wa kwetu, ulezi mzito. Kwetu tunautia maziwa. Temeke maziwa sikuyapata, nikatia karanga nilizozitwanga. Ukarudi. Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele, mama wa Kilwa, akanifundisha uji wa mchele: unauloweka, unautwanga, unaupika, mwisho unatia tui la nazi na pilipili manga kidogo inayopasha kifua. Mtamu, mwanangu, hata leo nikiufikiria nauona. Ukarudi nao. Nikapika wa mtama, nikidhani atakumbuka kwao, nikatia na korosho. Kila nilipofuata kikombe nilikikuta kimejaa, utando umeganda juu. Yeye alisema tu kwa upole, "Mzuri, mkwe. Nimeshiba."

Na unga wenyewe haukuwa rahisi kupatikana. Foleni ya duka la ushirika tuliipangia mawe tangu usiku, kila mtu na jiwe lake, ukirudi alfajiri unasimama penye jiwe lako. Asubuhi ile ninayokueleza nilisimama hadi miguu ikafa ganzi, na zamu yangu ilipofika sembe nyeupe imekwisha. Nikapewa ule wa njano, tuliouita yanga, wenye harufu ya gunia. Nikaupika hivyo hivyo. Nilipotoka nao uani nikamkuta Bi Zena amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

Akaniambia niweke sufuria chini. Akaniangalia toka juu hadi miguuni.

"Uji wako wewe unanywea wapi?"

"Hapo jikoni, Bi Zena."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Na yeye?"

Nikamweleza. Kwetu, mwanangu, mke wa mwana hakai na baba mkwe. Hamtazami usoni, wala hatii kitu mdomoni mbele yake. Nililelewa hivyo, na ndivyo nilivyomheshimu mzee wangu. Kila alfajiri nilipiga goti mlangoni, nikaweka kikombe juu ya kigoda, nikarudi kinyumenyume na kurudishia mlango ili asisumbuliwe.

Bi Zena aliendelea kukuna nazi yake. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunicheka.

"Yule ni kuli, binti," akasema. "Makuli nimewauzia uji pale Kurasini tangu sijaolewa. Sijaona hata mmoja anakunywa peke yake. Wanasubiriana mpaka wa mwisho afike, ndipo wanyanyue vikombe. Wewe unamwekea mlangoni kama unamwekea paka."

"Kwetu ndiyo heshima."

"Najua. Ila yeye hiyo heshima haijui. Anachojua ni kwamba mlango umefungwa."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kama ningekuwa nimelala vizuri, labda ningebisha, na labda mambo yangeishia vingine. Lakini nilikuwa nimechoka hadi mifupani, nikataka tu mahali pa kukaa. Nikajaza vikombe viwili, nikaingia, cha kwanza nikampa, cha pili nikakaa nacho mkekani karibu na mlango. Uso niliuelekeza ukutani. Hicho tu ndicho nilichoweza kumbakizia mama yangu na mafundisho yake. Nikanywa.

Nikasikia mzee anavuta kigoda.

"Huu yanga?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Unanuka gunia."

"Unanuka, Baba."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Akasema magunia ya aina hiyo yamemlalia shingoni zaidi ya mtoto yeyote aliyemzaa, na kwamba wenzake walikuwa wakiua harufu yake kwa ndimu. Nikainuka nikaenda kuomba ndimu kwa Bi Zena. Alikuwa ameshaikata, inanisubiri.

Sitakudanganya kwamba alimaliza kikombe. Alifika nusu. Kesho yake nikakaa tena, akapita nusu. Asubuhi ya tatu nilichelewa kwenye foleni, na niliporudi nikakuta uji alioupasha mama wa Kilwa uko kigodani, umepoa. Mzee alikuwa ananisubiri.

Mwezi ukaisha. Mume wangu akaja na habari kwamba amepata nafasi kwenye lori linalokwenda kusini. Tulikuwa tumekaa mimi na mzee, vikombe mkononi. Mzee alimsikiliza mwanawe, kisha akamuuliza, "Nikiondoka, mkwe wangu atakunywa uji na nani?" Lori likaenda bila yeye. Aliishi nasi vipupwe vingine vingi, na sikuwahi kumtazama usoni hadi siku tuliyomfunika sanda.

Usidhani niliacha kuchoka. Foleni zilikuwepo, mkaa ulipungua, na siku nyingine nilikaa pale mkekani nikisinzia, yeye akihadithia meli zilizokwisha kuzama. Lakini uchovu wa kukaa na mtu si sawa na uchovu wa kumhudumia ukiwa nyuma ya mlango. Huu wa pili ulikuwa unanimaliza.

Sasa jibu lako. Unga wowote ulio nao unafaa. Ukoroge kwanza kwa maji ya baridi hadi madonge yaishe, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka, taratibu, mwiko usisimame. Ukianza kurusha vipovu punguza moto, uuache uive hadi harufu ya unga mbichi iishe. Wengi wanaharakisha hapo, halafu wanalaumu tumbo. Tui la nazi na karanga vitie mwishoni. Ukwaju au ndimu tia ukishaepua, na ukitia hivyo usitie maziwa, yatakatika. Ukikosea, usijali. Wengi tumeanza na madonge, na utajua kupika kadiri unavyopika.

Ila nakusihi, mwanangu, usimpelekee mtu uji ukamwacha nao. Najua una kazi, najua basi halisubiri mtu. Kaa hata kwa funda chache. Na kama umelelewa kuheshimu kwa namna yako, muulize yule unayemheshimu kama heshima hiyo inamfikia.

Mungu akupe moto usiozimika jikoni mwako, akupe na mtu wa kukusubiri ukichelewa. Kesho asubuhi, kabla hujaepua sufuria, toa vikombe viwili.