Gorogoro Lililogongwa Kitako

Kaka yangu mkubwa anajua kila kitu, na asichokijua hukisema kwa sauti zaidi. Mimi nahariri video za harusi na matanga hapa Homa Bay. Yeye yuko Nairobi, na mchango wake kwenye video ya mazishi ya baba ulikuwa hotuba.

Siku tuliyomzika baba huko Magunga, mama alikuwa amelazwa hospitalini. Hakumwona akiteremshwa kaburini. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya ukumbusho, aone kwenye skrini. Kompyuta yangu ilikuwa imechoka, kwa hiyo nikamwagiza kaka kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochakata picha za video, nikamtajia aina kamili, yenye memori ya GB mbili. Akaja na nyingine ya GB nne, akaiweka mezani kwa madaha kama aliyeleta ng'ombe wa mahari.

"Wewe unaomba kidogo kama maskini," aliniambia. "Memori ndio kila kitu, bwana."

Hilo neno memori nalichukia. Huku kwetu ukiuza simu, kompyuta au hata redio, swali ni moja: ina memori ngapi? Nikamweleza, meno yakiwa yamekazana, kwamba memori ni ghala tu. Kazi inafanywa na viini vya kukokotoa, wingi wao na kasi yao, na pia upana wa njia inayotoa mzigo ghalani kuvifikishia. Kadi yake ilikuwa na viini vichache vya kizamani, memori ya aina ya polepole, na njia nyembamba. Haikuwa hata na feni, hivyo ikipata joto ilijipunguzia kasi yenyewe.

Mama ameuza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka yote, naye alitufundisha sote wawili kwamba kabla ya kununua, gorogoro hutiwa mkono kwanza, kitako kipapaswe. Wako wachuuzi wenye roho mbaya wanaogonga kitako cha bati hilo la kupimia mpaka kinaingia ndani. Kwa nje ni gorogoro zima, kumbe linabeba kidogo. Kaka alisoma maandishi ya boksi na kuridhika.

Nilimsihi anikubalie kukata hotuba yake ili tuwahi. Akakataa. Tena akaamuru itengenezwe kwanza, maana yeye ndiye mkubwa wa boma sasa. Nilitii. Kadi ikatafuna ile hotuba kama mzee asiye na meno anayetafuna mahindi makavu. Jumapili ya ukumbusho ilipofika, sehemu ya kaburi ilikuwa bado.

Basi watu wakaketi, mama akiwa mbele, skrini ikawaka, kaka akaonekana akihutubia, akahutubia, kisha skrini ikawa nyeusi. Akasimama na kuwaambia wageni kwamba mdogo wake bado anajifunza kazi.

Mama akamkatiza kwa Kijaluo, bila kupandisha sauti. "Wewe nimekuona. Mume wangu sijamwona."

Nikamletea kamera yenyewe niliyorekodia mazishi, yenye kioo kidogo kama kiberiti, nikamtafutia pale baba anapoteremshwa kaburini. Aliisogeza karibu kabisa na macho. Kaka akainama naye atazame. Mama akampa mgongo.