Arobaini Ndani ya Behewa

Nilichaguliwa kumsindikiza shangazi yangu hadi Zambia kwa sababu moja tu: mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafundisha sekondari hapa Arua, na kila mwaka nachora ubaoni reli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa chaki nyekundu, bila kuruka stesheni kubwa hata moja. Kwamba mwenyewe sikuwahi kuvuka Kampala, na treni nilikuwa sijaipanda maishani, hilo halikuwasumbua watu. Ukoo ulikaa Koboko, ukanywa kahawa ya tangawizi, ukaamua. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba yangu mdogo, ambaye shangazi alimtangulia kuzaliwa, alikuwa amefariki Kapiri Mposhi, alikofanya kazi ya cherehani miaka mingi. Aliondoka kwetu akiwa kijana, enzi hizo treni bado inafika Pakwach, akaaga kwamba anakwenda kutafuta maisha na atarudi Idi. Hakusema Idi gani. Shangazi ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuta vumbi. Basi simu ya msiba ilipokuja tulilia sote isipokuwa yeye.

"Mtu nakufa, wewe nalia kwa simu?" alituuliza kwa Kiswahili chake cha Koboko. "Mimi nalia kule, kwa nyumba yake."

Na huko kwenye nyumba yake ilibidi afike kabla ya arobaini. Kwetu, Wanubi wa Koboko, arobaini ndiyo inayofunga msiba. Dua inasomwa, wali unaliwa, kisha waliomjua marehemu wanasimama mmoja mmoja kumsemea, wasiopungua watatu, ndipo mikeka inakunjwa. Anayefika baada ya hapo ni mgeni, si mfiwa. Anapewa kiti na soda. Shangazi, mwenye miaka sabini na ushei, alikuwa tayari kuvuka mipaka yote ya dunia ili asipewe kiti wala soda.

Ndege aliikataa. Mabasi ya kwenda huko nayo aliyakataa. "Ndugu yangu alienda na treni. Mimi pia naenda na treni." Nilimweleza, kwa upole wa mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi hasikii, kuwa West Nile hatuna treni tena, kuwa reli ya Pakwach imeota nyasi, na kwamba ili apande treni yake itabidi kwanza tusafiri siku tatu kwa basi kwenda kuitafuta.

"Sawa," akasema. "Twende natafuta."

Pasipoti ilitula karibu mwezi mzima. Ofisa alitaka tarehe ya kuzaliwa. Shangazi akamjibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, wakati mtama unaiva. Ofisa akasema, kwa adabu zote, kwamba kompyuta haina mahali pa kuandika nzige. Mwishowe wakapatana tarehe mosi Januari, na shangazi akanung'unika njia nzima kwamba Januari mtama hauivi.

Tuliondoka Koboko siku ya thelathini na tatu. Shangazi alibeba sigiri, mkaa, birika, buni, kopo la odi, yaani karanga na simsim zilizosagwa pamoja, na mikeka miwili, kwa maana huwezi kwenda msibani ukategemea mikeka ya wafiwa. Mzigo huo haukumtosha. Tulipofika Inde alimsimamisha dereva akashuka sokoni kununua simsim mbichi, na basi zima likamngoja akipepeta. Dar tuliingia siku ya thelathini na sita, na alasiri ile ile tukapanda treni. Kwa hesabu yangu tungefika siku ya thelathini na nane. Nilijivuna sana. Nilimchorea ramani nyuma ya karatasi ya maandazi.

Ndani ya treni wanawake wana vyumba vyao na wanaume vyao, kwa hiyo sikuwepo shangazi alipowasha sigiri. Nilisikia tu harufu ya buni likikaangwa, nikajua tumekwisha. Nilipofika kwenye ujia, mkaguzi wa tiketi, mtu mrefu mwembamba mwenye kofia, alikuwa ameshafika.

"Bibi, shikamoo."

"Salama," alijibu shangazi, maana kwetu salamu hiyo haipo.

"Bibi, moto hauruhusiwi ndani ya treni."

"Moto gani? Hii iko kahawa." Akammiminia kikombe kidogo. Mkaguzi akanywa amesimama, akaniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyemzaa huyu mama, akasema moto uzimwe mara moja, baada ya kikombe cha pili.

Asubuhi ya siku ya thelathini na nane, tukiwa tumeshaingia Zambia, treni ilisimama porini. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli mbele yetu. Mkaguzi alipita akisema ni saa chache. Jioni alipita akisema ni kesho. Siku ya thelathini na tisa hakupita kabisa. Abiria walishuka, wakafua nguo, wakaanika kwenye vichaka, wakacheza drafti kwa vizibo vya soda. Shangazi akaniita na ile karatasi ya maandazi.

"Sasa sisi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Tulikuwa upana wa kidole kutoka Kapiri.

"Kidole moja! Si tutembee?"

Nikamwambia kidole kile kinaingia kilomita mia nne. Akanirudishia karatasi, akasema, "Na wewe nafundisha watoto wa watu."

Kulipopambazuka siku ya arobaini nilimkuta ameshatandika mikeka miwili katika behewa la chakula. Amevaa nguo nyeupe, amejitanda vizuri.

"Leo iko arobaini," akasema. "Nafanya hapa."

"Shangazi, hapa hakuna hata mmoja aliyemjua marehemu."

"Hawa si watu?"

Nilipandwa na hasira, nakiri. Siku saba za safari, mgongo unaniuma, nguo zangu zinanuka mkaa, na sasa nikaribishe watu kwenye matanga ya mtu ambaye hata mimi namjua kwa picha moja tu. Lakini shangazi alikwishatangulia, behewa hadi behewa, akiwashika watu mikono. Mpishi wa treni, mtu wa Tanga, akasema Yasini anaijua kwa moyo na mchele upo, ila nyama hakuna. Mama mmoja wa Kizambia aliyekuwa na magunia ya dagaa akatoa nusu debe. Basi tukasoma dua, tukala wali kwa dagaa, watu thelathini hivi, Waislamu na Wakristo, wengine wakiuliza kwa kunong'ona ni nani aliyefia ndani ya treni.

Kisha ikawa zamu ya wasemaji. Shangazi alikaa na mikono magotini, anangoja. Bila watu watatu kumsemea marehemu mikeka haikunjwi, na kila mtu aliyekuwa mle alikuwa ameshaelezwa hivyo, mara mbili. Nikasimama mimi. Nikasema, "Alikuwa fundi," nikakaa.

Akasimama mfanyabiashara wa Kikongo tuliyelala naye chumba kimoja. "Ule muzee," akasema, "miye sikumuona hata siku moja. Lakini mutu mwenye dada wa namuna hii hawezi kuwa mubaya." Watu wakaitikia, kweli, kweli. Ningependa yangeishia hapo.

Mama wa dagaa akasimama akasema marehemu alimshonea gauni la kumpokea mkwe, likamkaa vizuri mpaka leo. Nilikuwa nimemsikia jana yake akisema hajawahi kukanyaga Kapiri. Mkaguzi naye akavua kofia akasema marehemu alisafiri ndani ya treni hii mara nyingi, na hakuna siku aliyomkuta bila tiketi. Watatu walishatimia, tena zaidi, lakini utamu ulikuwa umekolea. Wakapanga foleni. Mmoja alicheza naye mpira. Mwingine alisema marehemu alikuwa mrefu, mlango ulikuwa haumtoshi. Msemaji wa saba akamtumbukiza mtoni kuokoa mtoto, na yule aliyefuata akaongeza watoto wakawa wawili. Kwenye picha tuliyo nayo, baba mdogo ni mfupi na anaogopa kamera. Watu walikuwa wanalia. Mpishi wa Tanga alijifuta macho kwa taulo la vyombo. Mimi nilikuwa nimeng'ata ulimi nisicheke, na wakati huo huo natamani ardhi ya Zambia inimeze.

"Nyamaza!"

Alikuwa shangazi. Amesimama.

"Nyinyi yote nasema uongo. Asante, lakini uongo. Yeye hapana kuwa mzuri. Mama yetu alikufa, hapana kuja. Baba ya huyu mwalimu alikufa, hapana kuja. Kila Idi mimi napika, naweka sahani yake, mpaka watoto nacheka mimi. Miaka arobaini! Nyinyi nafikiri mimi naenda kule kulia? Mimi naenda kugombeza yeye."

Nilimjua shangazi maisha yangu yote na sikuwa na habari. Nilidhani huzuni imemkauka; kumbe alikuwa amefunga safari yote ile na maneno yamemjaa kifuani, na mahali pekee pa kuyamwaga ni mbele ya kaburi moja.

Mkaguzi ndiye aliyemjibu. "Bibi, kawia ufike."

"Nafika kama nani?" alimuuliza. "Leo mimi iko mwenye msiba, naweza kugombeza. Kesho mimi iko mgeni. Mgeni nagombeza nani?"

Mkaguzi akavaa kofia yake. Tukakunja mikeka.

Reli ilifunguliwa asubuhi yake, na Kapiri tulifika siku ya arobaini na mbili. Mjane alitupokea vizuri, hilo sitalikanusha: mama mpole, watoto wanne wakubwa, uani pamefagiliwa, hakuna mkeka hata mmoja uliotandikwa. Shangazi akaletewa kiti cha plastiki na soda ya machungwa. Aliishika chupa kwa mikono miwili akainywa yote, taratibu. Niliichukia ile soda kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona duniani. Alipomaliza akaomba, kwa adabu ya mgeni, aonyeshwe kaburi.

Pale kaburini adabu iliisha. Alianza na mama yao, akapanda kwa baba yangu, akashuka kwenye Idi, moja baada ya nyingine, kidole kimenyooka, sauti inasikika mpaka barabarani. Alisema kwa Kinubi, kwa hiyo mjane na watoto, ambao wanazungumza Kibemba, hawakuelewa hata neno. Walidhani ni dua ndefu ya kwetu. Kila alipovuta pumzi waliinamisha vichwa wakaitikia, "Amina." Shangazi akamwita mdogo wake mwongo, wakaitikia amina. Akamwita mtoro, amina. Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa.

Kisha maneno yakamwishia. Akachuchumaa kwa shida, akaweka kiganja juu ya udongo. Sauti ikawa ile ya mtu anayemwamsha mtoto. Akamwomba mdogo wake radhi kwa kuchelewa siku mbili, na hapo ndipo alipolia.