Mama Perege na Ndoo ya Kambare

Kazi ya Mama Perege ilikuwa kutazama samaki. Wenye midomo yao walisema huo ni uvivu uliovishwa sare. Waseme tu. Katika mtambo wa kusafisha maji ya mji, maji ya mto yalipita kwanza kwenye tanki la kioo, na humo waliishi perege watatu. Wakiogelea vizuri, maji yaliendelea na safari yake hadi majumbani. Wakigeuka tumbo juu, yeye ndiye aliyefunga koki kubwa nyekundu, na mji ukabaki na madumu yake hadi mto utulie. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo kile, akiwasemesha samaki wake na kuwagombeza wakigombania chakula.

Kisha juu mtoni kikajengwa kiwanda cha ngozi. Tusiseme uongo, kiwanda kilileta neema. Watu waliokuwa wakishinda vibarazani walipata mishahara, na mkwe wa Mama Perege, mume wa binti yake wa pekee, akapata kazi ya kuchovya ngozi kwenye dawa. Mjukuu alizaliwa akakuta maziwa ndani.

Ila perege nao wakaanza kufa. Mara nne mwaka ule koki ilifungwa, na kila mara wakaguzi walipanda kiwandani na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mara ya nne tajiri wa kiwanda alitamka wazi: ikitokea tena, watu watapunguzwa, na wataanza walioajiriwa mwisho. Mkwe alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho.

Jumatatu moja meneja wa mtambo alikuja na ndoo yenye kambare watatu.

"Mama, hao perege wako wamezidi kudeka. Weka hawa. Kambare hafi ovyo."

"Bosi, kambare anaishi hata kwenye tope. Atatuambia nini?"

"Hatatuambia kitu, na sote tutalala usingizi. Au unataka kumwaga unga wa mkweo mwenyewe?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa la kweli. Akapokea ndoo.

Jioni aliibeba hadi kwa binti yake, akawasugua kambare wale kwa majivu, akawakaanga. Mkwe alikula kwa raha, akalamba vidole ambavyo siku hizi havikosi rangi ya bluu ya dawa kwenye kucha.

"Mama, leo umetukumbuka. Kuna heri gani?"

"Kula, baba. Chakula hakiulizwi."

Hakuweza kumtazama usoni. Alijua anamlisha kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine, na roho ilimuuma.

Asubuhi meneja alikuta perege ni wale wale.

"Kambare wako wapi?"

"Tumewala, bosi. Mmoja alikuwa na mayai."

Meneja akageuka, akarudi ofisini kwake. Angemwandikia barua gani ya onyo, kwa samaki ambao hata yeye hakutaka wajulikane?

Alhamisi, saa nne asubuhi, perege mmoja alilala ubavu. Wa pili akafuata. Mama Perege alikiwaza kikombe cha uji cha mjukuu wake. Unga wake ulitoka kiwandani, maji yake yalitoka hapa. Alimtazama yule wa tatu akihema. Kisha akanyanyuka, magoti yakilalamika, akaizungusha koki mpaka ikagoma.

Unga ukamwagika kweli. Siku ya pili yake mkwe alikuja kwake jioni, mtoto begani na barua mfukoni. Mtoto alilia kiu. Mama Perege alichota maji kwenye dumu, lakini mkwe akakizuia kikombe.

"Mama, haya ni ya lini?"

"Ya Jumatano."

Ndipo mkwe akampa mtoto.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafungua bomba la dawa kuelekea mtoni," alisema, macho chini. "Msimamizi alituambia mto ni mkubwa, hautajua."

"Najua, baba. Kucha zako nimeziona."

"Na bado ukanikaangia samaki?"

"Wewe ni mwanangu. Ningekukaangia nini kingine?"

Mkwe alifuta macho kwa kiganja. Mtoto alimaliza maji, akanyoosha kikombe kutaka mengine. Dumu lilikuwa limebaki robo. Baba yake aliliinamisha taratibu, akamjazia.